Uzi: Kampuni ya magari ya Saturn ilikufaje, na nani humu bado ana gari lake barabarani?

#1 Kisarawe1
Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio. Nina Saturn SL2 ya 1999, kijani iliyokolea, limeshatembea maili 187,000. Nililinunua 2011 kwa dola 1,400 kutoka kwa bibi mmoja mstaafu aliyekuwa akiliendesha kwenda kanisani na sokoni tu. Gari hili ndilo lililonipeleka chuo, likanipeleka kazi za usiku, na ndilo lililomtoa mwanangu wa kwanza hospitali. Jana kaja jamaa wa vyuma chakavu, kalizunguka mara mbili, kasema dola 300, tena nimpelekee mwenyewe hadi yadi yake. Sijamjibu.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Wamarekani ninaofanya nao kazi, hasa wa miaka 50 kwenda juu, wakiliona hili gari wanasimama. Mmoja ananiambia mama yake alikuwa nalo. Mwingine anasimulia walivyompigia makofi siku anakabidhiwa lake. Hakuna anayesimama kwa ajili ya Camry ya mwaka huohuo. Kampuni iliyopendwa namna hii ilikufaje? Na kama kuna mdau bado analo, oili unaongeza kila baada ya maili ngapi?

#2 FundiSpana
Nimekaa siti ya mbele. Mimi nipo Ilala, mwaka wa 22 huu kwenye spana, na Saturn sijawahi kuifungua boneti. Huyo ni mtoto wa nani? Chevrolet?

#3 Mzee Nyundo
#2, mtoto wa General Motors, ila alizaliwa nje ya nyumba kubwa kwa makusudi.

Mimi nimefika Michigan 1984. Wakati huo Civic na Corolla zinakwenda kama maandazi ya asubuhi, na GM hawana gari dogo la kujibu. Januari 1985 mwenyekiti wao, Roger Smith, akatangaza kampuni mpya kabisa, Saturn Corporation: kiwanda chake, mawakala wake, mkataba wake wa wafanyakazi. Majimbo yakapigana vikumbo kukigombea hicho kiwanda. Kikaenda Spring Hill, Tennessee, kusini mwa Nashville, mahali palipokuwa mashamba ya farasi na mahindi. Gari la kwanza lilitoka 30 Julai 1990, jekundu, ndani yake wamo Roger Smith na Owen Bieber, rais wa chama cha wafanyakazi, UAW. Na hizo ndizo zilikuwa siku za mwisho za Smith kazini. Akastaafu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi ilikufaje, jibu langu ni hilo. Mtoto alikuwa na mlezi mmoja, na mlezi kaondoka wiki ileile aliyozaliwa. Waliobaki nyumbani, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick, walikuwa wanaona hela yao ya kutengeneza magari mapya imepelekwa Tennessee.

#4 Mama Twins
Niko Minneapolis. Langu lilikuwa SL1 ya 2001, nimekaa nalo miaka tisa. Kisarawe, usiliuze kwa 300, tafadhali.

Nikupe kisa. Baridi ya Januari, niko kwenye uwanja wa kuegesha magari nje ya duka, upepo umebeba kigari cha kununulia vitu, ukakituma moja kwa moja kwa mlango wangu. Nilisikia kishindo nikiwa ndani ya duka. Nikatoka nikijua nimekwisha, maana sikuwa na bima ya kulipia hiyo. Nikapanguza theluji kwa glavu. Mlango hauna kitu. Si bonde, si mkwaruzo wa maana, ila alama nyeusi ya raba, na hiyo nayo ilitoka na kitambaa. Gari la jirani yangu kazini liligongwa na kigari kama hicho na alilipa mamia ya dola.

#5 FundiSpana
Mlango wa plastiki? Sasa mkigongana na lori?

#6 Ndezi
#5 mkuu, plastiki ni ngozi tu. Chini yake kuna fremu ya chuma iliyoungwa kama ngome, na hiyo ndiyo inayobeba gari na kukulinda. Milango na mafenda wamefunika kwa plastiki. Mtindo huo ulikuwa fahari yao, hata kwenye matangazo.

Hasara yake ukiwa mtu wa macho utaiona: plastiki inatanuka juani kuliko chuma, kwa hiyo iliwabidi waache nafasi pana kati ya mlango na fenda. Ukiliweka kando ya Honda linaonekana kama halikufungwa vizuri.

#7 Kisarawe1
Na ndiyo maana langu halina kutu kabisa, miaka yote hii ya chumvi ya Ohio.

#8 Ndezi
Ndugu yangu, hapo usijidanganye. Boneti, paa na mfuniko wa buti ni chuma. Ingia uvunguni na tochi, angalia fremu ndogo inayobeba injini, na mabomba ya breki. Chumvi haiishii kwenye milango. Nimeona Saturn inang'aa pembeni na chini imeoza kama biskuti iliyoloa. Angalia kabla hujaamua lolote.

#9 Hesabu Kali
Mzee Nyundo, hoja ya wivu naisikia kila mahali, lakini mimi naangalia vitabu vya hesabu. Mpango wa awali ulikuwa kutengeneza magari kati ya laki 4 na laki 5 kwa mwaka. Mwaka wao bora kuliko yote ni 1994, na waliuza 286,003. Faida ya mwaka mzima waliipata kwa mara ya kwanza 1993, miaka minane baada ya kampuni kutangazwa. Gari dogo faida yake ni kiduchu, na hawa walikuwa na kiwanda kizima kinachotengeneza magari madogo tu. Waliweka bilioni 5 za dola! Hata wangependana namna gani, hesabu haikubali.

#10 Mzee Nyundo
Bilioni 5 ni zile za tangazo la 1985. Mpango ulipunguzwa kabla kiwanda hakijakamilika, na uwezo wa kiwanda nao ukapunguzwa. Huwezi kumkata mtu mguu halafu ukamlaumu hakukimbia mbio za watu wazima.

Tena hebu tuulizane: baada ya SL, SC na SW, yaani S-Series, ambazo ni gari lilelile moja kwa sura tatu, walipewa gari jingine lini? 1999. L-Series, iliyotokana na Opel Vectra ya Ulaya, na hata hiyo ilijengwa Delaware, siyo Spring Hill. Miaka tisa wateja wanaopenda kampuni wanazaa watoto, wanahitaji gari kubwa, wanakwenda dukani kwao, wanakuta sedani ileile. Wakaenda kununua kwingine.

#11 Mama Twins
Hiyo ya watoto ni kweli tupu. Mimi mapacha ndio walionitoa. Viti viwili vya watoto nyuma, na mguu wangu mimi mwenye kuendesha unagusa dashibodi.

#12 Kaka Bukavu
Jambo ndugu zangu. Mimi niko Nashville, natoka Bukavu. Ghala ninapofanya kazi kuna mzee mmoja aliyetoka Flint, Michigan, akahamia Spring Hill mwaka 1991 kujenga Saturn. Wakati wa mapumziko ya chakula nikimwuliza, anaacha kula.

Anasema walikubali mshahara wa msingi ulio chini ya ule wa viwanda vingine vya GM, halafu sehemu nyingine wanalipwa kufuatana na ubora na idadi ya magari. Waliketi meza moja na wakubwa, wakachagua pamoja nani aajiriwe katika timu yao. Mtu wa kwenye mstari wa kuunganisha magari akiona kosa, aliruhusiwa kusimamisha mstari mzima. Huko alikotoka, anasema, kusimamisha mstari ilikuwa kutafuta kufukuzwa.

Mwaka 1994 waliwaalika wenye magari waje kiwandani, wakaja watu zaidi ya 40,000, kutoka majimbo ya mbali. Yeye alisimama mlangoni kuwapokea. Mama mmoja alitafuta mtu wa kumwonyesha ni nani aliyefunga milango ya gari lake, kisha akamshika mkono huyo aliyeifunga. Hapo mzee wangu ananyamaza kidogo.

Yeye haamini mambo ya wivu wala hesabu. Anasema ilikufa siku ile mkataba ulipokufa. Mwishoni mwa 2003 wafanyakazi wenyewe walipiga kura kurudi kwenye mkataba wa kawaida wa UAW, kwa sababu walikuwa wameona malipo ya ziada yanapungua na magari mapya hayaji. Yeye alipiga kura ya kurudi. Na anasema angepiga tena, lakini alijua anazika kitu.

#13 FundiSpana
Kaka Bukavu, hapo umenigusa. Sisi gereji tunajua, kazi ya mtu anayesikilizwa unaiona kwenye nati.

Ila swali. Hilo jina, Saturn, ni ile sayari yenye pete?

#14 Ndezi
Nembo ni sayari na pete yake, ndiyo. Lakini jina lilitokana na roketi ya Saturn, iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Warusi walitangulia angani, Marekani ikawafuata na kuwapita. GM nao walitaka kuwapita Wajapani hivyohivyo.

#15 Pwani Tupu
Assalaam alaykum. Kutoka Mombasa. Nawashangaa mnavyoongea kana kwamba gari hili halikuvuka bahari. GM waliipeleka Saturn Japani mwaka 1997, usukani kulia, kwenda kumpiga Mjapani nyumbani kwake. Mwaka 2001 wakafunga virago.

Mie kazi yangu ni kuagiza magari. Mwaka 2006 nilikutana na moja kwenye orodha ya mnada wa Japani, sedani nyeupe ya 1998, usukani kulia, bei ya chini mno. Usiku mzima nimekodolea picha. Asubuhi nikaliacha. Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo lilikuwa ukingoni, na hata lingeingia, spea ningezipata wapi? Taa ikivunjika Likoni nampigia nani simu? Ila mpaka leo nikiikumbuka ile picha najilaumu. Huenda lingekuwa la pekee pwani nzima.

#16 FundiSpana
Yaani lingekuja Dar ningelifungua mimi. Pwani Tupu umetunyima.

#17 Gari la Umeme
Msisahau hawa ndio waliotengeneza gari la umeme kabla halijawa jambo la kawaida, EV1 ya 1996. GM wakaziponda zote. Hapo ndipo Saturn ilipouawa, walikuwa mbele mno ya wakati.

#18 Mzee Nyundo
Rekebisha kidogo, kijana. EV1 haikuwa Saturn. Ilibeba jina la GM lenyewe. Mawakala wa Saturn wa California na Arizona walipewa kazi ya kuikodisha kwa wateja, kwa kuwa ndio walioaminika kuongea na mteja kwa upole. Haikuuzwa, ilikodishwa tu, ndiyo maana GM waliweza kuzirudisha. Zilitengenezwa 1,117. Nyingi zilipondwa kweli, chache zipo makumbusho na vyuoni. Inauma, lakini siyo hiyo iliyoiua Saturn.

#19 Kisarawe1
Hapo pa upole Mzee hebu tueleze, maana bibi aliyeniuzia aliniambia walimpiga picha.

#20 Mzee Nyundo
Ni kweli. Mke wangu alinunua SL1 mpya 1993, nilikuwepo. Bei imebandikwa kiooni na ndiyo hiyohiyo, hakuna kuvutana. Kwa mgeni kama mimi lilikuwa jambo kubwa. Duka la magari la kampuni nyingine nililoingia wiki ile, muuzaji alinipa bei tatu kwa saa moja, na kila mara anaingia ndani "kumwuliza meneja". Pale Saturn tulikaa, tukapewa kahawa, tukaambiwa bei. Siku ya kulichukua, wafanyakazi wote waliokuwepo, mpaka fundi mwenye mikono ya grisi, walitoka wakalizunguka gari, wakapiga makofi, wakatupiga picha. Mke wangu alilia. Alikuwa hajawahi kununua kitu kipya nchini humu.

Na walipokosea walikosea kama waungwana. 1991 yaligundulika magari yaliyojazwa maji mabovu ya redieta kutoka kwa msambazaji, magari 1,836. Badala ya kuyatengeneza, waliwapa wenyewe magari mengine mapya. Miaka miwili baadaye ukaja mwito mkubwa zaidi wa kurudisha magari kwa ajili ya waya, na mawakala wengine wakachoma nyama na kuwaoshea wateja magari yao wakisubiri.

#21 Hesabu Kali
Mzee, na hayo yote yanalipwa na nani? Gari jipya 1,836 bure. Ndiyo hoja yangu.

#22 Mama Twins
Yanalipwa na mimi, Hesabu Kali. Mimi nilinunua kwa sababu ya hadithi kama hizo, na dada yangu akanunua kwa sababu yangu.

#23 Mtu wa Ion
Nimesoma kimya, lakini lazima niseme. Mnaongelea Saturn ya mapenzi. Iko pia Saturn Ion, iliyorithi S-Series kuanzia 2003. Mwaka 2014 GM waliita magari milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa, Ion za 2003 hadi 2007 zikiwemo, kwa sababu ya swichi ya kuwashia. Ufunguo ulikuwa unaweza kujizungusha wenyewe kutoka kwenye kuwaka, injini inazima mwendoni, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki ukigonga. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Na ilijulikana kwamba kuna watu ndani ya kampuni waliokuwa wakijua tatizo hilo kwa miaka mingi.

Rafiki yangu ana Ion mpaka leo. Nilimwambia aondoe kila kitu kwenye ufunguo, abaki na ufunguo mtupu, halafu aende kwa wakala yeyote wa GM na namba ya chasisi waangalie kama swichi ilibadilishwa. Kama yupo mtu humu ana Ion, fanya hivyo kesho, usingoje.

#24 Mzee Nyundo
Asante kwa kulisema. Hilo halifunikiki na makofi.

#25 Kaka Bukavu
Nimemsomea mzee wangu bandiko #23. Akasema Ion ilijengwa Spring Hill, kwa mikono ya watu wale wale, lakini swichi ilitoka mezani kwa wahandisi, ileile iliyowekwa kwenye Chevrolet Cobalt. "Wakati ule tulikuwa tunafunga vilivyoletwa." Akaomba tusiongee tena leo.

#26 Ndezi
Mimi nipo Dallas na nina Saturn Vue ya 2006, ile ya V6. Injini yake ni ya Honda, GM waliinunua kutoka kwa Honda. Ina maili 214,000, nabadilisha mkanda na oili tu. Kwa hiyo mwishoni gari la kumshinda Mjapani lilitembea kwa injini ya Mjapani, na likadumu. Ninaipenda kwa dhati.

Na kuhusu kifo, mimi naongeza sababu ya nne. Aura, Outlook na Sky zilikuja kama modeli za 2007, magari mazuri, Aura ilipata tuzo ya Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Lakini mwaka huohuo Spring Hill ikaacha kujenga Saturn. Halafu 1 Juni 2009 GM wakaomba ulinzi wa kufilisika. Siku chache baadaye Penske, kampuni kubwa ya kuuza magari, ikakubali kuinunua Saturn. Kila mtu akashusha pumzi. Tatizo, Penske hana kiwanda: angehitaji mtu wa kumtengenezea magari baada ya GM kuacha. Walizungumza na Renault, bodi ya Renault ikakataa, na 30 Septemba 2009 Penske akajitoa. Siku hiyohiyo GM wakasema wanafunga. Kwa hiyo iliuawa na kikao kimoja Ufaransa.

#27 Hesabu Kali
Renault hawakuua, walikataa kubeba maiti.

#28 Mama Twins
Hesabu Kali, wewe una gari gani?

#29 Hesabu Kali
Corolla ya 2009.

#30 Mama Twins
Basi nimeelewa.

#31 FundiSpana
Turudi kwa mwenye uzi. Kisarawe, oili inapotea wapi? Inavuja au inaungua? Moshi wa rangi gani?

#32 Kisarawe1
Haivuji, nimeweka boksi chini usiku kucha, limebaki kavu. Asubuhi nikiwasha kuna moshi wa bluu kidogo. Chupa moja ya karibu lita inakwenda kwa maili 700. Huyo bibi alikuwa habadilishi oili, alikuwa anaongeza akikumbuka. Buti langu lina galoni, faneli na karatasi za kupangusia. Kwenye kituo cha mafuta, kabla sijashika bomba, mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye kufuli la boneti. Hata nikiazima gari la mtu nafungua boneti.

#33 Ndezi
Injini hizo za 1.9 zinajulikana kwa hilo. Ringi ya oili kwenye pistoni, matundu yake ya kurudishia oili ni machache, yakiziba na kaboni, ringi inaganda, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Wengi wanalowesha pistoni.

#34 FundiSpana
Hilo nalijua, hata kwenye injini za Kijapani lipo. Fanya hivi. Injini ikiwa na uvuguvugu, toa plagi zote nne. Mimina dawa ya kuyeyusha kaboni kila silinda, iache usiku kucha. Asubuhi, plagi zikiwa bado nje, chomoa kwanza umeme wa koili na wa injekta, weka matambara juu ya matundu, uzungushe kwa stata ili dawa iruke nje. Usirudishe plagi kabla ya hapo, kimiminika hakigandamizwi, utapinda kifimbo cha pistoni. Kisha mwaga oili yote, weka mpya na filta mpya. Rudia baada ya maili 500. Siahidi muujiza.

#35 Mama Twins
Na giaboksi ikianza kukupiga teke ukiweka rivasi, usikubali mtu akwambie ni giaboksi mpya. Mimi gereji moja iliniandikia bili ya dola 2,000. Mzee mwingine akafungua kifuniko cha giaboksi, akakuta nati imelegea, akaikaza. Nililipa dola 150.

#36 Ndezi
Na kihisi cha joto la maji. Vile vya zamani ncha yake ni ya plastiki, inapasuka, kompyuta inadhani injini ina baridi na kumwaga petroli nyingi. Weka chenye ncha ya shaba.

#37 Kisarawe1
Mrejesho, wakuu. Wiki tatu zimepita. Uvungu nimeukagua na tochi: fremu ina kutu ya juujuu, bomba moja la breki nimebadilisha. Pistoni nimelowesha mara mbili kama alivyosema FundiSpana. Leo nimetimiza maili 700 tangu nimwage oili. Nimechomoa kijiti, nikapangusa, nikarudisha, nikachomoa tena kwenye mwanga. Imeshuka nusu ya nafasi kati ya alama mbili. Zamani ingekuwa haipo kabisa kwenye kijiti. Jamaa wa vyuma kanipigia tena, nimemwambia hapana.

#38 FundiSpana
Safi sana. Rudia mara ya tatu.

#39 Hesabu Kali
Hongera, Kisarawe. Bado nasema kampuni iliuawa na hesabu.

#40 Mzee Nyundo
Na mimi bado nasema ni mlezi.

#41 Kaka Bukavu
Kisarawe, nipo kwenye yadi ya magari ya zamani huku kusini mwa Nashville, na mzee wangu yuko nami. Kuna SL mbili hapa. Unahitaji nini?

#42 Kisarawe1
Kaka! Taa ya nyuma ya kushoto. Ya 1996 hadi 1999, siyo ya 2000, walibadilisha.

#43 Kaka Bukavu
Ipo. Mzee anaifungua mwenyewe, amekataa nimshikie bisibisi.